Nilishusha Sauti

Mtu akiniambia hajawahi kumshuku jirani yake, namwangalia mara mbili. Mimi nilimshuku wangu, tena nikiwa na Biblia mkononi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika kijiji kimoja cha Shinyanga tulichohamishiwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Tulipangwa nyumba kwa nyumba na watu tusiowajua. Jirani yangu alikuwa mjane mzee asiye na mtoto wala ndugu karibu, na macho yake yalikuwa mekundu. Huko kwetu macho mekundu yalitosha kumfanya mwanamke mzee aitwe mchawi. Kwamba sote tulipikia mavi makavu ya ng'ombe na miti ya pamba, na kwamba moshi wake unachoma macho, hilo hatukulifikiria. Leo yangu ni mekundu vilevile.

Kila Alhamisi alasiri jumuiya yetu ilikutana kusali, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Kwa kuwa nilimaliza darasa la saba, mimi ndiye niliyesoma Injili kwa Kiswahili, kisha nikaieleza kwa Kisukuma. Bibi yule alikaa karibu na mlango, na kila nikisoma midomo yake ilicheza bila sauti. Nilikuwa namtazama yeye kuliko kitabu. Mwanangu alipopata degedege siku mbili baada ya kusali nyumbani kwangu, nilimweleza mama mkwe nilichokiona. Sikusema mchawi. Nilisema midomo tu, nikamwachia yeye kumalizia.

Alimalizia vizuri. Mtoto alipona, lakini neno lilikwisha kutoka, na wazee wakaamua bibi atengwe mpaka ahame mwenyewe: asisalimiwe, asisaidiwe maji, asipewe moto. Kiberiti wakati huo kilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo moto tuliombana, kaa moja juu ya kigae. Aliyenyimwa moto alilala njaa.

Bibi hakuhama. Alhamisi iliyofuata alikuja akakaa nje, chini ya dirisha. Hakuna aliyemfukuza, maana hakuna aliyeruhusiwa kusema naye. Somo lilikuwa lile la msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa njiani. Nilipofika pale kuhani na Mlawi wanapompita, nikaona kitambaa cha kichwa chake kwenye ukingo wa dirisha. Nikashusha sauti, nikasoma na kueleza hivyo mpaka mwisho, ili asipate neno la kuchezea. Waliokuwa ndani walisogea karibu wanisikie.

Kesho yake nilijibanza nyuma ya nyumba yake kutafuta ushahidi. Nilitaka nimsikie kwa masikio yangu akiita mizimu yake, nikawaambie wazee. Nilimsikia kweli. Alikuwa akisema Injili ya jana, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, neno kwa neno kama nilivyoisoma. Hakujua kusoma, na midomo ile ilikuwa inashika maneno yasipotee. Alimfikia kuhani, akamfikia Mlawi, akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Alipoanza mara ya tatu niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Nikajitokeza. Nilimwamkia, na hapo nilikuwa nimekwisha kuvunja agizo la wazee.

“Marahaba, ng'wanawane,” aliitikia, kama mama kwa mwanawe. Hakuuliza nilikuwa nafanya nini nyuma ya nyumba yake. Aliuliza jingine. “Yule mtu aliyeachwa njiani, alipata wa kumwokota?”

Nilijibu kwamba alipata. Akashukuru, akainama kupanga upya mafiga ya jiko lililopoa. Hakuniomba kitu. Niseme kweli, hata hapo nilijiuliza kama hizo si hila, maana shaka haimtoki mtu kwa siku moja. Lakini nilikwenda nyumbani nikatoa kaa jikoni, nikaliweka kwenye kigae, nikapita nalo mchana kweupe mbele ya nyumba zote mpaka kwake.

Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha kutwanga. Niliporudi niliwasalimu wote, nikianza na mama mkwe. Hakuna aliyeitikia.