Udi wa Mama kwenye filta ya hita

Jamani, leo mume wangu kanifanyia wema na nimelia mpaka basi.

Baridi imeingia hapa Bowie, Marekani. Asubuhi nikawasha hita, mara ya kwanza tangu Mama arudi Tanga. Kafia huko, na mazishi niliyaona kwenye simu.

Mara nyumba nzima ikanukia udi.

Alipokuwa kwetu, Mama alifukiza kila Ijumaa. Moshi wote ule kumbe ulinasa kwenye filta. Na tulivyokuwa tukimlalamikia, wallahi.

Aisha wangu akatoka chumbani mbio. "Is Bibi here?"

Nikakaa sakafuni, pale hewa ya moto inapotokea, nikawa nanusa tu.

Baba Aisha kuniona vile, akadhani vumbi limenikaba. Akashuka chini kimya kimya, akachomoa filta, akaiosha kwa sabuni, akaikausha, akairudisha.

Akaja anatabasamu. "Haya, Mama Aisha, vuta hewa sasa. Safi kabisa."

Nikavuta. Nikamwambia ahsante.

Nyie mliozika kwa simu, nguo za marehemu mlizifua?

Khanga yake moja iko kabatini. Hiyo nimeifungia kwa ufunguo.