Maji Matamu ya Niru

Mama mkwe wangu alikuja kutoka bara akatukuta Kinondoni tunaishi na vumbi. Nyumba yetu ilikuwa mpya, ya bati, lakini chini udongo mtupu, na kila nikifagia anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Akasema anarudi kwao. Mimi yule mama nilimpenda, sikutaka aende. Mume wangu akaita fundi atupigie sakafu.

Kisima chetu kilikuwa cha maji ya chumvi. Fundi, mtu wa pwani, alipofikia niru, ule uji wa saruji unaopakwa juu ili sakafu ing'ae, akamgeukia mama. "Mama, naomba maji matamu. Haya ya kisimani sitaki."

Pwani maji matamu ni yasiyo na chumvi. Kwao mama, bara, maji ni maji. Yakiitwa matamu, yana sukari. Mama akachukua ndoo ya maji ya bomba, akatia sukari yetu ya chai kiganja kizima, akakoroga, akampelekea. Alidhani ndivyo watu wa mjini wanavyojenga.

Nilisimama mlangoni nikashuhudia maajabu. Kwa joto letu niru hukaza upesi, fundi hukimbizana nayo na mwiko. Hii ilitiririka. Ilijitandaza yenyewe mpaka pembeni, ikajisawazisha, haikubakiza chapa hata moja. Fundi aliacha kazi akaitazama tu.

"Mie saruji ya namna hii sijapata kuiona," akasema.

Jioni bado ilikuwa uji. Asubuhi, uji vilevile. Fundi akaiona ile ndoo imejaa sisimizi, akamtazama mama, ndipo sote tukaelewa. Sijawahi kuona mtu mzima akinywea vile. Alifunga furushi lake, akasema ameiharibu nyumba ya mwanawe na kesho anapanda treni. Nililala barazani karibu naye, nikilia.

Kulipokucha aliingia ndani peku kuiaga nyumba. Sakafu ilikuwa jiwe. Laini, ya baridi, inang'aa mpaka dirisha likaonekana ndani yake. Kiganja cha sukari kiliishika saruji isigande, kisha kikaiachia! Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Fundi alikuja, akaigonga na mwiko, akapiga magoti kuipapasa.

"Shikamoo mama," akasema. "Ulitia kiasi gani?"

"Marahaba. Kiganja tu, baba. Sikujua kama unapenda zaidi."

Halafu mama akaniomba nimfungulie furushi, kwa sababu fundo alikuwa amelikaza mno.