Nilivyozilisha Seli za Binti Yangu

Ndugu wasomaji, mnada mzima wa Bahi unanijua. Niliishia darasa la nne, lakini ng'ombe wangu hakosi mnunuzi, kwa sababu kabla ya mnada namlisha na kumnywesha mpaka mbavu hazionekani.

Juzi binti yangu Neema, mtafiti wa seli hapa Dodoma, alinionyesha maabara yake. Alikuwa anamsubiri profesa wa kuamua kama utafiti wake uendelee au ufungwe.

"Baba, seli hizi nimezinyima chakula makusudi," alisema. "Zikibanwa na njaa, zinakusanya taka zao za ndani kwenye vifuko vidogo na kuzila. Hicho ndicho profesa anakuja kukiona."

Akaenda stesheni ya treni kumpokea. Nikabaki nasikitika: msomi mzima anapeleka mifugo mnadani na njaa! Chupa ya chakula chao chekundu alishanionyesha. Nikamimina kwenye kila kisahani cha seli, kwa mkono wa mzoefu.

Profesa alipofika aliinamia hadubini. "Neema, mbona sioni kifuko hata kimoja?"

Neema akachungulia, uso ukambadilika. Mimi nikajua wameduwaa kwa unono. Nikanyoosha koti, nikasogea.

"Profesa, usimsifu binti peke yake. Hizo zimeshiba kwa mkono wangu!"

Profesa akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Neema, huyu mzee ni nani?"

"Ni baba yangu," alijibu, kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa wake.