Turubai Chini ya Popo

Popo wamekuwa wakilala kwenye mparachichi wangu hapa Nyamyumba tangu turudi kutoka Tanzania, na sikuwahi kuona mtu mwenye akili timamu akiwahitaji. Kwa hiyo yule dada mtafiti alipotandika turubai jeupe chini ya mti jioni ile, akasema anataka mavi yao akapime virusi vya korona, nilimtazama mara mbili. Mavi? Na mbona kikombe changu cha chai alikishika kwa mikono mitupu, lakini uwanja wangu akauvalia glavu?

"Usiogope, mama. Tunafuatilia tu."

Mnamfuatilia nani? Mimi nauza sambaza sokoni, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Ikisikika kwamba kwangu kuna korona, hata paka atanipita. Halafu, mgeni gani huyo anayeondoka na uchafu wa nyumba yako ndani ya kichupa?

Alfajiri, kabla hajafika, nililifua turubai kwa sabuni ya unga, nikalikausha, nikalitandika pale pale, jeupe pe.

Alipokuja alipiga magoti akatafuta. Akatazama juu, popo wamejaa tele wakigombana. Akanusa turubai. Kisha akanitazama mimi.

"Bon, mama, popo yako inaogaka?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa.

"Wana adabu," nikamjibu.

Hakucheka. Jioni alitandika jingine, akaomba kiti, akakaa kando yake kulilinda. Nikampelekea chai.

Safari hii kikombe alikipokea kwa glavu.