Kura Yangu ya Mchekeshaji

Mume wangu alikuwa fundi viatu Ngarenaro. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na ndani waliingia watu wanne kwa shida: yeye, fundi redio wa jirani, muuza mitumba, na dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa akija kupumzika. Ukutani palikuwa na karatasi iliyopigwa misumari miwili. Juu mume wangu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: MCHEKESHAJI BORA WA SIKU ZOTE. Chini yake yalifuata majina yao, na mbele ya kila jina, mchekeshaji aliyepigiwa kura.

Walibishana kwa miaka. Mmoja alimpa Mkenya fulani, mwingine Mmarekani wa zamani ambaye hata Kiingereza chake hakukielewa, alisema anacheka uso tu. Walikuwa wanawaangalia kwenye simu, watu wanaosimama jukwaani peke yao na kipaza sauti. Mume wangu aliweka sheria moja. Huwezi kumpigia kura mtu uliyekaa tayari kumcheka. Sharti awe amekuchekesha siku ambayo hukutaka.

Jina langu lilikuwa la mwisho kwenye ile karatasi, na mbele yake palikuwa patupu. Nikipeleka makande mchana, aliniuliza, "Mama watoto, kura yako?"

"Sijampata."

"Huyu naye!" fundi redio alisema. "Shemeji, wewe ukicheka mvua itanyesha mawe."

Ni kweli mimi si mtu wa kucheka. Nimelelewa kwenye migomba huku mlimani, mtoto wa pili kati ya tisa, na nilipomaliza darasa la saba nilianza kazi za watu. Vichekesho vya simu nilivisikia kama watu wanavyosikia redio ya jirani. Sikutaka kutaja jina ili tu wanyamaze.

Mwaka alioumwa moyo, alilazwa wiki tatu. Alikuwa na waya za masikioni, moja anaweka kwake, moja kwangu, tunaangalia pamoja. Siku moja alikuwa amevimba miguu, na mchekeshaji wake akasema jambo fulani kuhusu mkwe wake. Nikacheka. Nilitaka afurahi.

Akasimamisha video.

"Hicho si kicheko," alisema. "Hicho ni cha kupokea wageni."

"Basi, nimekosea."

"Mama, usinidanganye wiki hii. Kura utapiga, lakini piga ya kweli."

Nikamwahidi. Baada ya siku nne akafariki, na karatasi ikabaki vilevile.

Yeye alikuwa Mchaga, ingawa alizaliwa hapa Meru. Baba yake alinunua shamba upande wa Tengeru zamani, na huko ndiko tulikomzika, nyuma ya kahawa. Wachaga na Wapare ni watani. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na tisa na nilijua watani wana ruhusa ya kufanya mzaha msibani, ila sikuwahi kuuona kwa karibu hivyo. Jirani yetu mmoja, mama wa Kipare anayeuza maharage, alikuja asubuhi ya mazishi akiwa amevaa aproni ya ngozi ya mume wangu. Sijui alipewa na nani. Miwani yake aliifunga uzi pembeni, kama marehemu alivyofunga yake. Akaweka kigoda kando ya jeneza, akakaa, akaanza kukagua viatu vya waombolezaji.

Mchungaji alipopita, akamshika mguu.

"Shikamoo, mchungaji. Hiki kisigino kimeliwa upande mmoja. Unaegemea wapi ukihubiri?"

Watu wakaguna. Akamgeukia muuza mitumba.

"Wewe kiatu chako bado. Njoo Ijumaa."

Mume wangu alimwambia kila mteja aje Ijumaa. Kiatu kiletwe Jumatatu au kiletwe Alhamisi, kiwe kimeanza kushonwa au kiwe bado chini ya meza, jibu lilikuwa hilo. Wateja walimtukana kwa ajili ya hiyo Ijumaa.

Yule mama akasimama, akagonga jeneza kwa vidole viwili, kama mtu anayebisha mlangoni.

"We Mchaga! Leo ndiyo Ijumaa! Toka, wateja wako wote tumekuja!"

Nikacheka. Kicheko kilitoka chini kabisa, kikanikata pumzi, nikainama, nikaenda chini kwa magoti. Nilikuwa nacheka mbele ya jeneza la mume wangu, wakwe zangu wote wamekaa. Wifi yangu mkubwa akanirukia na kunifunika khanga kichwa kizima. Nikasikia watu wanapiga kelele, "Mshikeni mjane! Mshikeni!" Wakanibeba mikono na miguu hadi ndani, wakanipepea, mmoja akanimwagia maji. Machozi yalikuwa yananitoka kweli. Niliwaacha waamini ni kilio.

Miezi miwili nilipongezwa kwa kilio kile. Kanisani mama mmoja alinishika mkono akasema hajaona mwanamke aliyempenda mumewe namna ile. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nilimpenda. Lakini walichokisifu hakikuwa kilio.

Nikaenda Ngarenaro. Kibanda kilikuwa kimechukuliwa na fundi redio, na karatasi ilikuwa bado ukutani. Niliomba kalamu, nikawaeleza wote watatu.

Dereva wa bodaboda akasema, "Kumbe ulikuwa unacheka? Shemeji, mimi nilibeba miguu! Mgongo unaniuma mpaka leo!"

Nikaandika mbele ya jina langu: mama wa Kipare, muuza maharage.

"Huyo si wa jukwaani," muuza mitumba akakataa.

"Sheria inasema siku ambayo hukutaka," nikamjibu.

Fundi redio akasema kura ile kwa haki ni ya marehemu, maana Ijumaa ilikuwa yake. Nikamwambia hapana. Mume wangu alikuwa na mambo mengi mazuri, lakini kuchekesha alikuwa wa kawaida tu.

Bado wifi. Huyo nilimwogopa kuliko wote, kwa sababu ni dada yake wa tumbo moja. Nilimkuta Tengeru anachambua mboga. Nilisema yote bila kukaa.

Hakuinua macho.

"Unafikiri nilikufunika khanga ya nini?" alisema. "Kwetu mtu akilia hafunikwi. Nilikuona meno."

Nilikuwa bado nimesimama.

"Kaa," alisema, akanisogezea fungu la mboga. "Nilikufunika wewe, halafu mwenyewe nikakimbilia kwenye kahawa na meno yangu, maana sikuwa na khanga nyingine."