Siku Tuliyopeleka Mifupa ya Waithaka Mjini

Niliondoka nyumbani kwangu, mtaa wa Satellite hapa Nairobi, Jumanne moja asubuhi kwenda kujua kama mifupa iliyofukuliwa Waithaka ilikuwa ya ndugu yangu Simiyu. Jamaa zangu wa Bungoma wameniuliza mara nyingi siku hiyo ilikwendaje, na kila mara nimewapa kipande tu. Leo nitaieleza yote, kuanzia mwanzo.

Simiyu ananifuata mimi kwa kuzaliwa. Alikuja Nairobi kufanya kazi ya mjengo, akapanga chumba cha mabati katika ploti ya Mzee Njoroge pale Waithaka. Miaka minne iliyopita alifunga mlango asubuhi kama kawaida, akatoka, hakurudi. Niliandikisha kituoni, nikazunguka hospitalini, nikazunguka na mahali pengine ambapo sitaki kupataja. Simu yake haikuingia tena.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia, mafundi walikuwa wakichimba shimo jipya la choo nyuma ya vyumba vile. Walipofika kimo cha kiuno walikuta mifupa: mbavu, nyonga, mfupa mrefu wa mkono, vidole. Kichwa hakikuwapo. Hivyo vidole ndivyo vilivyowafanya watoke shimoni bila kuulizana. Mzee Njoroge aliita polisi, kisha akanipigia simu. Aliniambia, "Mama Ivy, mimi sijui hii ni nini. Lakini nimeona heri uisikie kwangu kuliko uisikie sokoni."

Koplo aliyekuja kutazama alisema waziwazi kwamba yeye si mjuzi wa mifupa. Mkubwa wake akaagiza ipelekwe kwanza kwa wataalamu wa jumba la makumbusho mjini, waseme kama ni ya mtu au si ya mtu. Kwa simu ya Mzee Njoroge niliomba niende nao. Koplo alisita, akaniuliza kama moyo wangu utaweza. Mzee Njoroge alimjibu kwa niaba yangu kwamba pikapu ni yake, na mimi nitakaa mbele.

Saa moja na nusu walinikuta nimesimama kando ya duka ninaposhonea sare za shule. Sikuwa nimekula tangu Jumatatu mchana. Koplo alikuwa ameshika katoni mapajani, imefungwa kwa kamba ya sisali, na alipojisogeza ili nikae niliona anaibeba kwa adabu, mikono yote miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Sikumjua kijana yule, lakini kwa jambo hilo moja nilimshukuru.

Barabara ya Naivasha ilikuwa imejaa. Pale Riruta tulisimama muda mrefu nyuma ya lori la nyasi, na Mzee Njoroge, ambaye kwa kawaida huzungumza bila kupumzika, safari hii alitazama barabara tu. Nilijikuta nahesabu vitu vya Simiyu ambavyo mfupa ungeweza kuvionyesha. Aliwahi kuvunjika mkono wa kushoto akiwa darasa la tano, alipoanguka kwenye mpera. Kidole chake cha mwisho kilipinda kidogo. Niliitazama ile katoni, na nilitaka sana kuomba ifunguliwe, na nilitaka vilevile barabara isiishe.

Saa tatu kasoro tuliingia Barabara ya Ngong, kisha mjini, tukapita katikati ya maghorofa na watu waliovaa kwenda ofisini, hadi kilimani kwenye makumbusho. Koplo alitoa barua mlangoni. Tuliongozwa nyuma, kwenye chumba kirefu chenye meza pana na kabati za droo, baridi kuliko nje.

Aliyetupokea ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, anaitwa Daktari Mutheu. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza mimi ni nani katika habari hii. Koplo alipomwambia, alivuta kiti, akanikalisha mahali ambapo ningeona meza nzima. Alisema hapendi mtu aambiwe majibu akiwa nje ya mlango.

Alikata kamba, akaanza kupanga. Hakuharakisha. Mbavu upande huu, mfupa wa mkono pale, vidole kwa safu. Mwisho wa katoni kulikuwa na mfuko wa nailoni ambamo mafundi walikuwa wametia vifupa vidogo vidogo walivyoviokota kwenye udongo. Alivimwaga kwenye trei, akavigeuza kwa ncha ya kidole, akaanza kuvipanga kwa mstari, kikubwa kwanza, kisha kidogo zaidi, kisha kidogo zaidi, mpaka mstari ukawa mrefu kama mkono wangu.

Kisha akanitazama mimi, si koplo.

"Mama, hii si mtu," alisema. "Huyu ni nyani. Hii yote ni mkia."

Niliomba arudie. Alirudia vilevile, pole pole. Sijui nilifanya nini baada ya hapo. Mzee Njoroge ananiambia nilivua kitambaa cha kichwa nikajifunika nacho uso, nikakaa hivyo, na wote wakaniacha. Ninachokumbuka ni mabega yangu. Yalishuka yenyewe, kama mtu aliyetuliwa mtungi wa maji kichwani, na ndipo nikajua nilikuwa nimeyabeba juu tangu jana yake.

Nilipojifunua, Daktari Mutheu hakutaka niondoke na neno lake tu. Alitaka nione mwenyewe. Alileta kutoka kwenye droo mifupa ya nyonga ya mtu, akaiweka kando ya ile ya Waithaka. Ya mtu ni pana na imejikunja kama bakuli, kwa kuwa hubeba matumbo ya kiumbe anayetembea wima. Ya nyani ni nyembamba na ndefu. Kisha akaweka vidole karibu na vidole vyangu nilivyokuwa nimeviweka mezani. Pingili zilikuwa sawa kwa idadi. Gumba lilikuwa mahali pake. Nikaelewa kwa nini mafundi walikimbia.

Nilimuuliza imekuwaje vifanane hivyo. Alisema ni kwa sababu tulitoka kwenye ukoo mmoja, zamani sana, kisha koo zikaachana, kila moja ikabadilika kidogo kidogo kulingana na maisha yake. "Hata wewe unao mkia," akasema, akanionyesha kifandugu, vifupa vichache vilivyoshikana mwishoni mwa uti wa mgongo. "Umebaki tu huo mdogo."

Mimi ni mtu wa kanisa, na nilimwambia hivyo. Hakukasirika. Alijibu kwamba yeye pia Jumapili huimba kwaya, na Jumatatu hurudi kwenye droo zake, na haoni kwamba mahali pamoja panamfukuza kutoka pengine. Nililiacha hapo. Siku ile singegombana na mtu yeyote chini ya jua.

Mzee Njoroge ndiye aliyekumbuka. Alisema baba yake alikuwa na shamba la mahindi papo hapo penye vyumba, wakati msitu ulikuwa haujasogezwa mbali, na nyani walikuwa wakishuka kula mahindi mabichi. Wengine waliuawa. Yeye alikuwa mdogo na alikatazwa kwenda kuangalia walikozikwa. Alisema haya akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba anaomba radhi kwa ukoo wa yule nyani.

Saa tano, koplo akisubiri karatasi yake iandikwe, Daktari Mutheu alinitembeza ukumbini. Nadhani aliona heri nitembee kidogo. Tulipita ndege, tukapita kobe, samaki, chura kwenye chupa, na kwa kila aliyekuwa na uti wa mgongo alinionyesha pingili zilezile. Kisha tukafika kwa wasio na uti wa mgongo kabisa: konokono, mdudu, mnyoo. Mwisho wa yote kulikuwa na kitu cha manjano chenye matundu, kimekauka. Sifongo. Alisema nacho ni mnyama.

Nilikataa. Nilimwambia hakina macho, hakina mdomo wala miguu, mnyama gani huyo. Alieleza kwamba mti hujitengenezea chakula kwa jua na maji papo hapo ulipoota. Mnyama hawezi. Lazima ale kiumbe kingine, au kilichotoka kwa kiumbe kingine. Sifongo hukaa mahali pamoja chini ya bahari, lakini huvuta maji ndani yake mchana na usiku ili achuje humo chembe za kula. Wengine wote, kutoka kwa mnyoo hadi kwetu, tukaota misuli na mishipa ya fahamu, tukaanza kufuata chakula kilipo.

Niliposimama pale nilimfikiria Simiyu kwa namna ambayo sikuwahi. Miaka minne nilikuwa nimemkasirikia kwa kuondoka, kwanza Bungoma, kisha Waithaka, bila kuaga. Nilimwona sasa kama mmoja wa hao wote kwenye kabati za kioo, kiumbe aliyeinuka asubuhi kwenda kutafuta cha kula. Hasira ilinitoka, nami sikuifuata.

Saa saba mchana tulisimama katikati ya mji, kwenye hoteli ndogo karibu na soko, kwa sababu nilisema nasikia njaa. Nilikula chapati tatu na maharagwe. Mzee Njoroge alipata tena sauti yake, akatusimulia habari za nyani mpaka koplo akacheka. Nilimuuliza koplo faili la ndugu yangu limelala wapi. Alisema atalitafuta, na akaniagiza nipite kituoni Alhamisi na picha yake mpya kuliko zote. Alhamisi nilikwenda. Alikuwa amelitoa, lipo juu ya meza.

Simiyu hajapatikana bado. Sitaki msomaji adhani nimemficha mwishoni. Lakini nilijifunza kwamba nilikuwa nimeanza kumtafuta chini ya udongo, na tangu siku ile namtafuta kati ya walio hai, ambako nawauliza watu maswali tofauti na napata majibu tofauti.

Saa kumi hivi nilishushwa Satellite. Kabla sijafungua duka nilimpigia mama yetu, tunayemwita Mayi, aliyekuwa Bungoma akisubiri jibu tangu nilipomwambia habari ya mifupa. Alipokea mara moja.

"Si yeye," nilimwambia.

Akauliza, "Ni nani basi?"

"Ni nyani, Mayi. Alikuwa na mkia."

Kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kifuani ambacho watoto wangu hawajawahi kukisikia. Kisha akaacha simu wazi, nikamsikia akimwita mke wa kaka yetu mkubwa. Alimwambia aje amsaidie kuinua godoro alilokuwa amelishusha chini sebuleni kwa ajili ya matanga, walirudishe kitandani.