Jiko Nililomwashia Ndege

Mwaka nilioumwa kifua kikuu, watu waliniogopa kwa adabu. Nilipewa likizo ya ugonjwa shuleni, nikajifungia chumbani kwangu mtaani Kimumu na vidonge vya miezi sita. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza mboga, aliniletea uji kila asubuhi. Aliiacha thamosi mlangoni, akabisha, akarudi nyuma hatua kadhaa ndipo aniulize, "Mwalimu, umeamkaje?" Nilimjibu kwa ukali, kisha nikajuta mchana kutwa.

Aliyebaki nami ndani alikuwa kasuku mdogo wa kijani, hashindi ngumi kwa ukubwa. Mwalimu mwenzangu aliniachia pamoja na tundu lake alipohamishwa. Nikiwa mzima nilimwona kero tu, kelele na maganda ya wimbi sakafuni. Nikiwa mgonjwa, ndiye pekee asiyenikimbia. Kumbadilishia maji na gazeti la chini kulinichukua karibu nusu saa, maana kila nilipoinama nilikohoa mpaka macho yakaingia giza. Lakini niliinama. Nilikuwa nimejiambia kwamba tutazimaliza dawa pamoja, na kwamba akifa kabla, mimi pia siponi. Ni upuuzi kwa mtu anayefundisha kemia, najua.

Ilipofika Julai baridi ilizidi. Alasiri moja ilinyesha mvua ya mawe, bati likapiga kelele mpaka sikujisikia nikikohoa. Nilipomtazama ndege, alikuwa ameshuka chini ya tundu, amejifutua manyoya, amefumba macho. Nilishikwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata siku daktari aliponisomea majibu yangu.

Nikawasha jiko la makaa barazani. Sisi tuliolelewa kwenye baridi hii tunafundishwa na mama zetu kwamba jiko linalofuka ni hatari, lakini likishika, moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, liingize ndani watu waote. Nilingoja moshi uishe kabisa. Kisha nikalibeba, nikipumzika mara tatu kwa hatua chache zile, nikaliweka karibu na tundu. Nikafunga dirisha. Nikaziba chini ya mlango kwa taulo.

Baada ya muda alifumbua macho, akapanda kwenye kijiti chake. Nilifurahi kama mtoto. "Umeona sasa?" nikamwambia, nikajilaza.

Niliamshwa na kichwa kilichokuwa kikigonga kama mtwangio. Kijiti kilikuwa kitupu. Ndege alilala chali kwenye gazeti, miguu imekunjwa. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa, nikatambaa hadi mlangoni na kuanguka barazani juu ya mawe ya barafu. Jirani alinikuta hapo. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, alinishika kwa mikono yake.

Alipomwona ndege, alishusha pumzi. "Usilie, mwalimu. Hiyo kifo ilikuwa yako. Huyu amekubebea." Siku zilizofuata, kina mama wenzake wa kanisani walisema vivyo hivyo, wakiwa wamesimama nje ya dirisha. Mnyama akifa kwenye nyumba ya mgonjwa, huku kwetu watu hushukuru.

Nilikasirika sana. Nilimweleza jirani kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na kwamba chumba kikifungwa gesi hiyo huua. Nimeiandika ubaoni kila mwaka, kidato baada ya kidato. Wanafunzi wangu wamefeli mtihani kwa kutoijua. Mimi niliijua, nikaziba mlango. Jirani alitikisa kichwa taratibu, kama anavyosikilizwa mtu mwenye homa.

Vidonge vilikwisha, nikapona. Jumapili iliyofuata jirani alinipeleka kanisani kwake, na mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda. Niliona hapo ndipo pa kuusema ukweli, mbele ya watu, ili uniondoke kifuani.

"Yule ndege hakunibebea kitu," nikasema kwenye maikrofoni. "Alikuwa ananitegemea, na nilimuua mimi."

"Amina!" kanisa zima likaitikia. Jirani yangu akaanzisha wimbo wa shukrani, machozi yakimtoka. Watu wakasimama, na mimi nikapiga makofi pamoja nao.